Kupe Katika Vibuyu Vitatu

Kiangazi cha mwaka arobaini na nne kilileta viroboto Nyamitaba kwa wingi ambao Nyirabagenzi hakuwahi kuuona. Kanisani, katekista alipokuwa akisoma yale masomo marefu, kila mtu alijikuna kwa kadiri ya heshima yake: wazee kwa ncha ya fimbo, akina mama kwa kuvuta nguo kidogo begani kana kwamba wanaiweka sawa, na watoto waziwazi kwa kucha zote kumi. Mtu mmoja tu hakujikuna. Alikuwa Mama Dancille, mjane aliyefagia nyumba ya kukaushia maua kwenye shamba la mzungu. Aliketi benchi la tatu, mikono mapajani, ametulia kama maji ya mtungini.

Nyirabagenzi alimtazama kuanzia Injili hadi baraka ya mwisho. Alijua si adabu kumchungulia mwenzako katika sala, lakini macho yake yalikuwa na ukaidi wao. Jumapili iliyofuata alikaa nyuma yake kabisa, akahesabu. Dancille hakuinua mkono hata mara moja.

Hakufanya hivyo kwa umbea. Mumewe, Munyakazi, alikuwa amechaguliwa pamoja na wanaume wengine wanane kushuka Walikale kumshikia mpima-barabara mnyororo wa kupimia. Wangeondoka baada ya majuma mawili na kukaa msituni mwezi mzima. Na Nyirabagenzi alijua Walikale inavyorudisha watu. Kaka yake Émile, fundi wa kushona, alikwenda mwaka uliotangulia na kundi la kwanza. Siku ya tisa baada ya kurudi, homa ikamshika. Ikampanda siku nne, ikamwacha. Watu wakashukuru, wakachemsha viazi. Juma moja baadaye ikamrudia, ikaondoka, ikarudi tena, mpaka wakambeba kwa machela hadi hospitali ya Kirotshe. Alipona, lakini jicho lake la kushoto lilibaki na ukungu. Sasa mkewe ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano.

Kule Kirotshe Émile aliambiwa kwamba homa yake ililetwa na kimputu, kupe wa ndani ya nyumba, mwenye rangi ya vumbi, anayejificha kwenye nyufa za sakafu na kuta, humng'ata mtu aliyelala kisha hurudi mafichoni kabla hajaamka. Mabanda ya wasafiri kwenye njia ya Walikale yalijaa hao. Kila usiku watu tofauti, kwenye vumbi lile lile. Kama kulikuwa na kitu kinachofukuza viroboto, Nyirabagenzi aliwaza, labda kingemfukuza na kimputu.

Jumatatu asubuhi, wakichuma maua mlimani, Nyirabagenzi alisogea karibu na mstari wa Dancille, ambaye siku za maua mengi alisaidia kuchuma.

"Mama Dancille, nikuulize neno la aibu?"

"Uliza. Ya aibu njo inakuwaga ya maana."

"Viroboto. Kwako hawako?"

Dancille alicheka mpaka kikapu kikatikisika mgongoni. "Njo maana unanipumulia shingoni mu kanisa! Nilifikiri unataka kuniibia rozari." Akafikiri kidogo. "Kweli, hawako. Tangu nianze kufagia ile nyumba. Juu ya nini, sijuwe. Miye nafagia tu, napiga chafya, narudi kwangu."

Maua yale yalikuwa meupe yenye kitovu cha njano. Waliyaita pareto, kama mzungu alivyoyaita, na hakuna aliyejua yanakwenda kufanya nini huko yaendako. Wengine walisema Ulaya wanayachemsha kama chai. Wengine walisema yanatiwa ndani ya risasi, maana kulikuwa na vita. Nyirabagenzi alikuwa ameyachuma misimu miwili kwa swali hilo hilo kichwani, na hata siku moja hakuwaza kuhusu kiroboto.

Jioni hiyo alimwendea kapita, msimamizi wa shamba, Symphorien, mtu mpole aliyependa kuonekana mkali. Akamwomba maua yaliyokataliwa, yale yaliyochanua kupita kiasi, ambayo hutupwa shimoni.

"Ya kufanya nini?"

"Nataka kuona."

"Kuona nini?"

"Papa kapita, ningekuwa najua, ningeomba?"

Symphorien alikunja uso kwa ukali. Akampa kikapu kizima.

Nyirabagenzi aliyakausha maua jinsi alivyokausha maharagwe, mtama na kila kitu ambacho mama yake alimfundisha kukausha: aliyatandaza juu ya mkeka, uani, kwenye jua kali. Siku tatu aliyageuza kwa mkono, mpaka yakawa yanavunjika kwa kelele ndogo nzuri. Akayatwanga, akachekecha. Ulikuwa unga laini, na moyo wake ukajaa furaha. Aliunyunyiza kwenye mkeka wao wote wawili, akamwambia mumewe usiku huu watalala kama watoto wachanga.

Walilala kama wacheza ngoma. Kulipopambazuka Munyakazi alikuwa na mistari myekundu toka kiunoni hadi kwapani.

"Unga yako wameipenda," alisema, bila hasira. "Walikuwa hawana chumvi, sasa wamepata."

Mama mkwe wake, Mukashema, aliyekuwa anachochea moto, aliongeza yake: "Mbele ya kuolewa walituambia huyu mutoto iko na akili. Hawakusema ya namna gani."

Nyirabagenzi aliumia, lakini kilichomsumbua zaidi kilikuwa swali. Maua ni yale yale. Dancille hajipaki kitu kingine. Basi tofauti iko wapi? Zilibaki siku kumi.

Siku iliyofuata, saa ya mapumziko, alisimama kwenye mlango wa nyumba ya kukaushia. Ndani kulikuwa na joto na giza. Maua yalipangwa kwenye vichanja vya waya, kimoja juu ya kingine, na hewa ya moto ilitoka chini kupitia mfereji wa matofali. Madirisha yalikuwa na mbao, na mbao zilikuwa zimefungwa.

"Juu ya nini munafunga?" alimuuliza Symphorien. "Jua iko mingi pale inje, na ni ya bure. Munachoma kuni ya nini?"

"Hiyo muulize mwenye shamba. Miye najua kitu kimoja: siku niliacha dirisha moja wazi, jua ikaingia juu ya maua toka asubuhi mpaka saa sita, alinifokea mpaka mate ikanifikia."

"Alisema nini?"

"Alisema kwa Kifaransa na kwa mate. Nilielewa mate tu."

Nyirabagenzi alirudi kwenye mstari wake. Mtu hamfokei mwenzake namna hiyo kwa sababu ya dirisha, labda dirisha liwe limeharibu kitu. Lakini kuwaza ni jambo moja, na kumkabidhi mume wako unga ulioupima kwa kuwaza tu ni jambo jingine. Alitaka kuona kwa macho.

Kesho yake akapanda mpaka kwa Mzee Kanamugire, mfugaji wa upande wa juu, akamkuta anakamua.

"Papa Kanamugire, nimekuja kuomba."

"Maziwa iko, mama. Leta kibuyu."

"Si maziwa. Naomba kupe."

Mzee aliacha kukamua. "Kupe gani?"

"Wale wa masikioni mwa ng'ombe. Thelathini na sita."

"Tangu nizaliwe," Kanamugire alisema polepole, "watu wanakuja hapa kuomba maziwa, kuomba siagi, mavi ya kupaka nyumba, hata mukojo ya ng'ombe ya kuosha vibuyu. Kupe, hapana. Utaipika?"

"Nitawafunga."

"Walifanya kosa gani?"

Hata hivyo alimsaidia, na kwa raha zote, maana ilikuwa kazi yake ya kila jioni kuwatoa kupe mmoja mmoja na kuwatupa motoni. Alimwonyesha jinsi ya kumshika: karibu kabisa na ngozi, vidole viwili, kuvuta sawasawa bila kupinda. "Ukimuvuta kwa haraka, kichwa inabaki ndani na ngozi inaoza. Na usimupasue na kucha, damu yake ni mubaya." Nyirabagenzi aliliweka hilo moyoni pia. Akiwa ameinama hivyo, akahesabu miguu ya kupe mkubwa: minane. Nyumbani aliwahi kuhesabu ya kiroboto: sita. Hakujua itamsaidia nini, lakini alifurahi kuijua.

Alipofika kwake alichukua vibuyu vitatu vidogo. Cha kwanza hakutia kitu. Cha pili alitia kijiko cha unga wake wa juani. Cha tatu alitia kijiko cha vumbi ambalo Dancille alimfagilia kutoka sakafu ya nyumba ya giza. Kupe kumi na wawili katika kila kimoja, kitambaa juu, kamba ya mgomba shingoni. Akavipanga kando ya ukuta.

"Nyumba yangu imekuwa gereza," alisema Mukashema. Lakini Nyirabagenzi alimwona mara mbili akiinama kusikiliza.

Kesho yake alasiri, wote watatu walichuchumaa uani, mke, mume na mama. Katika kibuyu cha kwanza kupe walipanda na kushuka kama kawaida yao. Katika cha pili walipanda na kushuka vile vile, wameupaka ule unga mgongoni kama wanawake waliotoka kusaga. Katika cha tatu tisa walikuwa chali. Miguu yao ilisogea, lakini taratibu, kama miguu ya mtu anayeota. Watatu waliobaki walikuwa hawasogei kabisa.

Nyirabagenzi alikitazama cha pili, kisha cha tatu, kisha cha pili tena.

"Jua," Nyirabagenzi alisema mwishoni. "Maharagwe, jua inayatengeneza. Haya, inayaua."

"Kumbe niliwalisha bure," alisema Munyakazi.

Zilibaki siku saba. Symphorien alimpa maua mengine yaliyokataliwa, vikapu viwili, akijifanya anatazama kwingine. Nyirabagenzi aliyatandaza kwenye uchaga, juu ya meko, akapunguza moto ukawa makaa tu, akafunga mlango na kuziba mianya kwa nyasi. Siku nne familia ilikula viazi vyenye uchungu, na Mukashema alipiga chafya mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Unga ulipokuwa tayari aliujaribu kwenye kibuyu cha kwanza, kwa wale kupe wazima ambao hawakuwa wameguswa na kitu. Kesho yake saba kati ya kumi na wawili walikuwa chali. Haukuwa na nguvu ya ule wa Dancille, lakini ulikuwa na nguvu. Uliingia wote katika mfuko mmoja wa ngozi ya mbuzi, sawa na ngumi mbili.

Jumamosi jioni Émile alikuja kumuaga shemeji yake. Aliushika unga, akaunusa, akautazama kwa jicho zuri.

"Dada, hawa ni kupe ya ng'ombe. Kimputu ni mwingine."

"Sina kimputu, kaka, Mungu asifiwe. Wewe ulimwona. Iko na miguu ngapi?"

Émile alicheka kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Mutu anachomwa na homa, atahesabu miguu?" Kisha akafikiri kweli. "Hana mabawa. Haruki. Anatembea kama hawa. Jaribu, haina ubaya." Akamgeukia Munyakazi. "Lakini unga peke yake, hapana. Utavaa nini?"

"Kaputula. Suruali nitafunga kwa kichwa, nitavaa siku tukifika mbele ya wakubwa."

Ndivyo walivyofanya wanaume wote wa Nyamitaba. Suruali ilikuwa moja, ya misa, na kwenye majani yenye umande au tope mtu aliivua au kuikunja juu ya magoti, akapita na miguu mitupu, kisha akaivaa safi alikokwenda. Aliyeburuta suruali yake porini alionekana hajui thamani ya nguo. Na hii ya Munyakazi alikuwa ameishona Émile mwenyewe, kabla ya ukungu.

"Vaa," Émile alisema.

"Suruali uliyonishonea, niipitishe mu miiba?"

"Vaa kila siku. Ingiza shati ndani. Chini, kwa kifundo, funga na kamba ya mgomba, juu ya kamba paka unga. Kupe ya majani anapanda kutoka chini. Akute mulango imefungwa."

"Wenzangu watanicheka. Watasema nimekuwa kuku ya kuuza, amefungwa miguu."

"Watacheka," Émile alikubali. "Miye nilikunja yangu vizuri. Mara tatu, kama mashuka ya masista. Ilirudi safi, hata doa moja. Njo hii nimevaa."

Munyakazi aliitazama suruali ya shemeji yake, kisha akatazama chini.

"Na banda?" Nyirabagenzi aliuliza haraka. "Ulilala wapi?"

"Pa muzuri. Kando ya ukuta, karibu na majivu, pakavu, pana joto. Nilifika mbele ya wengine nikapashika. Sasa najua hata kimputu anapapenda. Lala katikati, ao inje ya ukuta kabisa. Kata miti, tengeneza kitanda, hata kama ni ya usiku mumoja. Asubuhi kung'uta blanketi juani mbele ya kuikunja."

Jumatatu wakaondoka. Nyirabagenzi aliwasindikiza hadi kwenye mteremko wa njia ya Masisi. Vicheko vilianza hata kabla hawajapotea machoni; alisikia mtu akilia kama jogoo, na sauti ya Munyakazi ikijibu: "Lia vizuri, utalala peke yako na kupe ya banda."

Mwezi ule alichuma maua kama mtu aliyelala. Hakukuwa na habari. Alisali, lakini katikati ya sala alijikuta akijiuliza maswali ambayo hakuyauliza kwa wakati: unga ukilowa mvua, je? Ukipakwa juu ya jasho? Ngumi mbili zinatosha usiku ngapi? Hasira ilimshika kwamba alimpa mume wake kitu alichokijua nusu. Kisha akajiambia kwamba wote waliomtangulia walipewa kitu wasichokijua kabisa, na hakuna aliyewauliza hata walilala wapi.

Walirudi majuma matano baadaye, alasiri, wote tisa, wakitembea. Kabla Munyakazi hajavuka kizingiti Nyirabagenzi alimsimamisha uani.

"Vua."

"Mama iko hapa."

"Mama alikuzaa," alisema Mukashema, akamletea kanga ya kujifunga.

Nguo ziliingia kwenye maji yanayochemka. Nyirabagenzi akamkagua mumewe kama Kanamugire akaguavyo ndama: nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti, kiunoni. Shingo na mikono ilikuwa imevimba, imejaa vidoa vya vijinzi, wale nzi wadogo wa msituni wanaong'ata. Kiunoni alimpata kupe mmoja mdogo, akamtoa kwa vidole viwili, sawasawa, bila kupinda. Miguuni, chini ya alama ya kamba, hakukuwa na kitu. Suruali ilikuwa imechanika magoti yote mawili.

"Unga ilifanya nini?" Aliuliza hata kabla ya kumpa maji ya kunywa.

"Usiku tano za kwanza nililala. Wengine walijikuna. Usiku ya sita yule wa kulia kama jogoo alikuja na mukono wazi. Kisha wengine. Ningewanyima namna gani? Siku kumi, mufuko ikaisha."

"Ikaisha?"

"Tukakata miti, tukafanya vitanda, vile Émile alisema. Wote tisa. Banda mbili za mwisho hatukuingia hata kidogo, tulijenga yetu." Akanywa, akafuta mdomo. "Vijinzi vya mchana, unga haikuviweza. Vilitukula mbele yake. Lakini kulikuwa muzee mumoja wa kule, alikuwa anatuonyesha njia. Alikuwa anasugua jani fulani kwa shingo, na hawakumukaribia."

"Jani gani?"

"Jani tu. Ya msitu."

"Inaitwa namna gani?"

"Sikumuuliza," alisema Munyakazi. Nyirabagenzi akakaa chini kwenye jiwe la kusagia, akashika kichwa.

Furaha yenyewe hakujiruhusu bado. Émile alikuwa amemwambia: homa yake haikumwanza msituni, ilimngojea nyumbani, siku ya tisa. Kwa hiyo alihesabu. Kila asubuhi alimgusa mumewe paji la uso. Siku ya saba Munyakazi aliamka na kichwa kizito, akakataa uji, na Mukashema akaanza kutafuta wanaume wa kubeba machela kabla jua halijapanda. Ilikuwa mafua. Siku ya tisa ikapita. Ya kumi, ya kumi na mbili. Siku ya kumi na tano Nyirabagenzi aliamka akakuta upande wa pili wa mkeka ni mtupu na wa baridi.

Alitoka mbio bila kujifunga kitambaa. Uani hapakuwa na mtu. Nyuma ya nyumba hapakuwa na mtu. Kisha akasikia jembe. Munyakazi alikuwa kwenye tuta la juu, analima shamba la viazi na kubishana na jirani kuhusu mpaka, kwa sauti ya mtu mwenye afya kamili na asiye na haki.

Akampandia, akanyoosha mkono.

"Leo hapana," alisema Munyakazi, akirudi nyuma. "Watu wanaangalia. Unanigusa kama mutu anapima uji."

Alimgusa. Paji lilikuwa na jasho, na chini ya jasho palikuwa baridi kama asubuhi yenyewe. Aliacha mkono wake pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na jirani, aliyekuwa na maneno mengi bado, akainama akajifanya anachomoa jiwe.

Kisha Nyirabagenzi akaketi juu ya tuta, akapangusa macho kwa nyuma ya kiganja.

"Lile jani," alisema. "Anza na harufu. Ilikuwa inanuka nini?"

Munyakazi akaegemea jembe, akafumba macho, akaanza kukumbuka.